Bendera Ilipoketi Matangani

Mjukuu wangu ameanza kujipaka mafuta ya nyonyo kichwani, ati nywele zirefuke. Juzi alikaa kwenye mkeka mbele yangu nimsuke, akafungua kile kichupa chake, na harufu iliponifikia nikaachia msuko niliokuwa nimeushika. "Bibi, mbona umesimama?" akaniuliza. Nikamwambia nanusa mikono ya baba yangu. Akacheka, akadhani uzee umenizidi. Nyie wa rika langu hamtacheka, maana mnajua kwamba mafuta hayo zamani hayakuwa ya urembo. Kwetu Temeke yalikuwa ya tumbo lililofunga na viungo vinavyouma, na kwa nyumba yetu peke yake yalikuwa pia ya bendera ya Mwingereza.

Baba alikuwa tarishi wa baraza. Baraza lenyewe lilikuwa nyumba ya mawe iliyoezekwa bati, katikati ya mikorosho na vibanda vya makuti, na humo Wakili, aliyewekwa na Liwali wa mjini atutazame sie wa pembezoni, alisikiliza kesi za mipaka ya mashamba, za talaka, na za mbuzi walioingia kwenye muhogo wa watu. Kazi ya Baba kwa mujibu wa karatasi ilikuwa kupeleka barua na kuita mashahidi. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine: kuitunza bendera iliyosimama mbele ya baraza. Juu kabisa ya mlingoti palikuwa na kapi, kigurudumu kidogo kinachopitisha kamba, na kila Jumamosi alikiegemezea ngazi na kukipaka mafuta ya nyonyo. Mafuta ya nazi aliyakataa. Alisema yanaganda asubuhi za baridi, kapi likalia, na bendera haipandi kwa kelele.

Sheria za bendera alirudi nazo kutoka vita vya Bama, yaani Burma, alikofundishwa na sajini mmoja ambaye, kwa maelezo ya Baba, alikuwa na fimbo kila mahali mwilini. Bendera haipandi kabla ya jua wala hailali nje. Inapanda haraka, inashuka taratibu. Ule mstari mweupe mpana lazima ukae juu upande wa mlingoti. Ukikaa chini, basi umepiga yowe kwamba nyumba imevamiwa. Haigusi ardhi, haifuti vumbi, haifunikiwi mtu wala chakula. Ikilowa mvua haikunjwi, inaanikwa kwanza, tena ndani, na pasiwe na nguo nyingine kwenye kamba hiyo. Sheria hii ya mwisho ndiyo iliyomkosanisha Baba na Bibi kila masika, maana kamba ya ndani ilikuwa moja, na Bibi alikuwa na kanga zake.

"Kanga yangu ya Ijumaa ina uchafu gani?" Bibi alikuwa akiuliza.

"Haina uchafu, Mama. Ila haiwezi kukaa na Mfalme."

"Mfalme gani, Mfalme kitambaa?"

"Hiki si kitambaa, Mama," Baba alijibu, na hapo sauti yake ilishuka. "Hapa ndipo Mfalme mwenyewe alipo. Ukiidondosha hii, umemdondosha yeye."

Bibi alinuna na kuanika kanga zake juu ya mapipa. Mie nilisikia na nikaamini. Sikuwa mtoto wa kuambiwa jambo mara mbili.

Naomba niwajulishe sisi tulikuwa akina nani, hadithi isiwapotee. Mama yangu alifariki sijaota hata meno. Nililelewa na Bibi, mama yake Baba, Mzaramo wa kindakindaki, mwosha maiti wa wanawake kuanzia kwetu mpaka Mtoni. Hakuna msiba uliokwenda bila yeye. Alijua sanda inakatwa wapi, nani akae karibu na nani, na siku gani watu warudi makwao. Tulikaa watatu katika nyumba ya udongo nyuma ya baraza, nyumba ya serikali, ambayo ilikuja na kazi ya Baba na ingeondoka nayo. Baba hakuwa na shamba wala mali. Alikuwa na jambo moja watu walilomsifia: hasemi uongo. Ilifika mahali watu wawili wakibishana sokoni, mmoja anasema, "Twende kwa tarishi," na neno la tarishi likitoka, ubishi umekwisha.

Kila alfajiri nilikuwa nikipuliza moto mlangoni mwa jikoni, na kutoka pale niliuona mlingoti wote. Nilimtazama Baba mpaka nikajua kila kitu anachofanya na mkono upi unatangulia. Halafu, mchana wakiwa hawapo, nilikuwa na mlingoti wangu mwenyewe, mpapai wa nyuma ya choo. Nilifunga kamba ya usumba wa nazi juu ya jani, nikapandisha kipande cha kanga kuukuu, nikakishusha taratibu, nikakikunja kisiguse chini. Sikuwa na mtu wa kupiga saluti ila kuku. Hilo hakulijua Baba, wala hakulijua Bibi, na kwa kweli nililifanya vizuri sana. Sioni haya kulisema.

Sasa ilikuwa Jumatano, alasiri, nachambua mchele kwenye ungo. Askari alikuja na baiskeli kutoka mjini, akampa Wakili karatasi. Wakili alikuwa Mwarabu wa ukoo wa zamani, mtu wa joho na hina ndevuni, si mbaya lakini mwenye hofu kubwa ya kulaumiwa. Aliisoma karatasi ile mara mbili, akatoka nje, akamwita Baba, wakasemezana kwa sauti ya chini. Kisha nikamwona Baba anaifungua kamba saa ambayo si yake. Jua lilikuwa bado juu ya mikorosho. Akaishusha bendera taratibu, nikasubiri ifike mkononi, haikufika. Katikati ya mlingoti akasimama, akafunga kamba, akavua kofia. Bendera ikabaki pale imekaa, kama mtu aliyeketi mkekani matangani.

"Baba, imekwama?" nikauliza.

"Ingia ndani," akasema. Sijawahi kumwona na uso ule.

Baada ya magharibi ndipo majirani walipoanza kuja kwa Bibi, maana habari ya kifo lazima ifike kwake. Mfalme wa Mwingereza amefariki. Lini? Leo. Saa ngapi? Hawajui, ila ni leo hii hii.

Mtoto aliyekulia nyuma ya baraza anajua ushahidi. Nilikuwa nimesikiliza kesi nyingi kupitia dirishani kuliko hadithi za sungura. Nikaipanga hii kichwani. Bendera ndiyo Mfalme. Baba mwenyewe alisema. Alasiri Baba ameishusha bendera. Jioni Mfalme amekufa. Kamba haikushikwa na mtu mwingine, na aliyeona kwa macho yake ni mmoja tu, na huyo ni mie. Wala sikufikiri kwamba Baba alikusudia. Wakili ndiye aliyemwamrisha. Lakini nilijua pia kwamba tarishi na Wakili wakisimama mbele ya Mzungu, mkosaji hawi Wakili. Na nilijua aliyeua hufanywa nini, maana hilo watu wa baraza walilizungumza kila siku. Usiku ule sikulala kwa hofu. Baba yangu ameua, na nikisema atanyongwa, na nikinyamaza labda asijulikane. Nikaamua kunyamaza.

Alhamisi asubuhi nilimchotea maji ya kuoga kabla hajaniagiza. Nikampelekea chai na nikaitia sukari ya Bibi, vijiko vitatu. Baba akainywa, akanitazama. Nilimwona anaipandisha bendera mpaka juu kabisa, akaiacha iguse kapi, kisha akaishusha tena hadi katikati, na nikadhani anajaribu kumfufua na inashindikana. Leo najua hiyo ndiyo sheria yenyewe: ya msiba nayo hufikishwa juu kwanza, ndipo ishuke. Siku ile nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kula.

Bibi naye alikuwa na yake. Aliutandaza mkeka barazani kwetu, akakataza kukaanga kitu nyumbani, maana maiti ni maiti hata akiwa Mzungu. Kilichomsumbua ni mambo ya kazi yake.

"Kaoshwa na nani?" alimwuliza Baba.

"Wanao watu wao, Mama."

"Na mke wake huyo sasa yuko edani. Miezi minne na siku kumi asitoke nje. Wamemwambia?"

"Wazungu hawana eda, Mama."

"Kila aliyefiwa na mume ana eda. Wenyewe hawaijui tu."

Jioni hiyo Baba akamletea Bibi swali lake, na swali hilo ndilo lililotufikisha pabaya. Wakili alimwambia, "Bendera ikae hapo mpaka matanga yaishe." Hayo ndiyo maneno aliyoyatumia, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo mdomoni. Idadi ya siku Wakili hakuitaja, na tangu Alhamisi mchana alikuwa mjini, ameitwa na Liwali. Baba hakuwa mtu wa kukisia kwenye mambo ya bendera. Akaenda kwa mjuzi wa matanga.

Bibi akahesabu kwa vidole. "Jumatano moja. Alhamisi mbili. Kesho Ijumaa ni tatu. Kesho asubuhi matanga yanaanuliwa. Atakayeendelea kulia baada ya hapo ana shida zake mwenyewe."

Baba aliridhika. Tena alifurahi, kwa sababu bendera kukaa katikati ilimuuma kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ijumaa jua lilipochomoza akaipandisha mpaka juu, akafunga kamba mafundo mawili, akarudi nyuma hatua tatu na kuitazama. Palikuwa na upepo mzuri. Mie mlangoni nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Wakili alirudi saa nne hivi, juu ya punda wake mweupe, na watu wa kesi walikuwa wameshajaa uwanjani. Alipoinua macho alishuka kabla punda hajasimama.

"Nani kakuambia upandishe?" akamfokea Baba. "Nani?"

"Bwana Wakili, leo ni siku ya tatu. Matanga yameisha."

"Yameisha kwa nani? Mjini bendera zote ziko nusu! Nimetoka huko sasa hivi! We mtu, unajua umemfanyia nini Mfalme? Unajua?"

Nyie fikirieni mie pale jikoni, na kipepeo cha moto mkononi, nasikia neno hilo. Umemfanyia nini Mfalme. Basi wamejua. Wakili akamvua Baba kofia ya kazi kwa mkono wake, ile nyekundu yenye nembo ya shaba, mbele ya watu. Akamwambia kazi imekwisha, jua lisizame tumo katika nyumba ile. "Na mambo hayaishii hapa. Bwana Shauri yuko njiani anakuja. Utamjibu yeye." Baba hakubisha. Alisimama kichwa wazi chini ya mlingoti, mikono imenyooka, na Bibi akaanza kukunja mkeka wake taratibu, kwa vile hakujua afanye nini kingine.

Gari likaja na vumbi lake. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, tulimzoea na kaptula ya kaki na soksi ndefu. Siku hiyo alishuka amevaa nguo nyeupe tupu kutoka shingoni hadi viatuni, vifungo vinang'aa, upanga kiunoni, na askari mmoja nyuma yake. Nikasema moyoni, hizi ndizo nguo za kunyongea. Akatembea hadi kwenye mlingoti, akainua kichwa, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Nani amepandisha bendera hii mpaka juu?"

Baba alifungua mdomo. Mie nilikuwa nimeshafika. Sijui niliuvukaje ule uwanja. Nilijiweka katikati yake na Mzungu, na nikapiga kelele watu wote wasikie:

"Ni mie! Baba hakugusa kamba! Leo ni mie, na Jumatano ni mie niliyemshusha!"

Halafu Baba akasema nyuma yangu, "Bwana, mtoto anasema uongo. Ni mimi."

"Ni mie!"

Bwana Shauri akanitazama chini mpaka juu. Nadhani alikuwa na watoto mahali fulani. Akachuchumaa, upanga ukagusa mchanga, akasema, "Kama ni wewe, nionyeshe."

Wenzangu, hapa ndipo ningekuwa na akili ya mtu mzima ningesahau kila kitu. Ningeishika kamba kinyume, ningeiburuza bendera mchangani, na uongo wangu ungefia hapo hapo. Lakini nilikuwa naokoa roho ya baba yangu, kwa hiyo niliifanya kazi ile kuliko nilivyowahi kuifanya kwenye mpapai. Nikafungua mafundo mawili. Nikaishusha taratibu, kamba moja naachia, nyingine naipokea. Ilipokaribia nikaikusanya yote kwapani isiguse chini. Nikatoa kijiti cha mbao kinachoishikiza bendera kwenye kitanzi cha kamba, nikaukagua mstari mweupe mpana, nikakirudisha. "Ya msiba," nikamwambia Bwana Shauri, maana nilitaka aniamini kabisa, "unaifikisha kwanza juu iguse, ndipo unaishusha katikati. Ya furaha unaiacha." Kisha nikaipandisha haraka mpaka juu, nikafunga, nikarudi nyuma hatua tatu. Sikukosea hata kitu kimoja. Kuna watu walipiga makofi.

Niligeuka kumtazama Baba nikitegemea kuona amepona. Alikuwa akinitazama kama hajawahi kuniona, na Wakili pembeni yake alikuwa anatabasamu.

Bwana Shauri alisimama akajipangusa mchanga. Alisema kwa sauti ya kutangaza, kwa kuwa ndicho kilichomleta. Mfalme amefariki, lakini leo binti yake anatangazwa kuwa Malkia, na kwa ajili hiyo, leo peke yake, bendera zote zipande juu. Amri imetoka asubuhi hii. Tangu asubuhi amepita kila mahali akizikuta ziko nusu, akizipandisha mwenyewe. Hapa tu ndipo alipoikuta iko juu. "Nilishuka garini," akasema, "nimpe mkono mtu aliyefanya kazi hii."

Mnisikie vizuri. Alishuka ampe mkono. Ningebaki jikoni na kipepeo changu, baba yangu angepewa mkono na Mzungu mwenye upanga mbele ya Temeke nzima, na Wakili angemrudishia kofia kwa mikono miwili. Hilo nililielewa baadaye sana, na nilipolielewa nililia nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu.

"Ulijua habari ya Malkia?" Bwana Shauri akamwuliza Baba.

Hapo Baba angeweza kusema ndiyo, au angalau akanyamaza. "Sikujua, Bwana. Nilihesabu siku tatu za matanga tangu azikwe."

"Azikwe?" Bwana Shauri akashangaa. "Mfalme hajazikwa. Atazikwa wiki ijayo."

Mnung'uniko ulipita kwa watu, na kutoka barazani kwetu sauti ya Bibi ikasikika, amesahau kabisa kwamba mwanawe yuko mashakani. "Hajazikwa? Maiti wa Jumatano, leo Ijumaa, yumo ndani? Yarabi! Basi hesabu yangu imeharibika yote. Matanga hata hayajaanza!"

Bwana Shauri alicheka kidogo, na nadhani pangeishia hapo kwa heri. Wakili ndiye aliyeona mlango wake wa kutokea. Alikuwa amemfukuza mtu kwa kosa ambalo sasa si kosa, na alihitaji lingine.

"Lakini mtoto, Bwana," akasema kwa upole. "Bendera ya serikali mikononi mwa mtoto. Umeona mwenyewe anavyoijua. Huyu hakuanza leo."

"Bwana, huyu mtoto hajawahi kuishika kamba ile kabla ya leo," Baba akasema. "Wallahi hajawahi."

"Nimeona kwa macho yangu," akajibu Bwana Shauri, na ule ucheshi ulikuwa umemtoka. "Mtoto hafanyi hivyo bila kufundishwa. Usiniambie uongo."

Neno hilo halikuwahi kumgusa Baba maisha yake yote. Niliona watu wanatazamana. Baba akarudishiwa kofia, kazi ya tarishi ikabaki yake, na nyumba pia. Lakini bendera haiwezi kuwa mchezo wa watoto, alisema Bwana Shauri. Kuanzia kesho itashikwa na karani wa baraza. Baba akaingia ndani, akatoka na lile sanduku la mbao alimokuwa akiilaza, na ufunguo wake, na chupa ya mafuta ya nyonyo, akamkabidhi karani vyote. Sanduku lilikuwa safi ndani na nje. Alimweleza karani habari ya kapi na baridi ya asubuhi, na karani akaitikia huku akitazama kwingine. Kesho yake karani aliipandisha bendera moja kwa moja mpaka nusu, bila kuigusisha juu, na Baba akapita pale na mfuko wake wa barua bila kusimama.

Jioni ya Ijumaa hiyo Bibi alikata kifimbo cha mpera. Hakuwa na hasira ya bendera. Mfalme kitambaa hakuwahi kumwingia akilini. Hasira yake ilikuwa moja: mjukuu wake amesema uongo mbele ya watu na kumfanya mwanawe aonekane mwongo. "Mwana wa tarishi!" alikuwa akisema. "Mwana wa tarishi, mwongo! Namtandika leo, asinizuie mtu." Baba akamwomba amwachie kwanza. Akanishika mkono tukaenda nyuma, tukakaa kwenye gogo la kupasulia kuni.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu. "Ili wasikunyonge."

"Waninyonge kwa lipi?"

"Kwa kumuua Mfalme."

"Nani kasema nimemuua?"

"Hakuna. Nilikuona mwenyewe, Jumatano. Ulimshusha, akafa."

Nilitegemea atacheka, au atanikemea. Hakufanya hata kimoja. Aliniuliza polepole, kama wanavyomwuliza shahidi wanayemwamini. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Hata Bibi."

"Na ile chai ya jana?"

"Nilifikiri gerezani hakuna sukari."

Baba akageuza uso upande wa mpapai, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimsikia akivuta pumzi kwa shida. Baada ya muda akasema, bila kunigeukia, "Siku tatu, mama, unajua baba yako ameua mtu. Hukuniogopa?"

"Niliogopa wasikuchukue."

Akaniwekea mkono kichwani, ule mkono wenye harufu yake, na tukakaa hivyo mpaka Bibi alipochoka kungoja. Alisimama mlangoni na kifimbo chake.

"Haya, ameshasema? Amedanganya kwa nini?"

Baba akainuka. Alijipangusa uso kwa kiganja, akasimama vile anavyosimamaga mbele ya watu wakimletea ubishi wao.

"Hakudanganya, Mama," akasema. "Kamba huwa anaishika. Nilimfundisha mwenyewe. Mie ndiye niliyesema uongo."

Bibi alimtazama muda mrefu sana. Kisha kifimbo kikamteleza mkononi, akaingia ndani, na siku mbili hakumsemesha. Alikufa miaka mingi baada ya hapo, akiamini kwamba mwanawe, tarishi, alimwapia Mungu uongo mbele ya Temeke nzima. Na Baba, aliyemsomea dua na kumshusha kaburini kwa mikono yake, hakuwahi kumwambia vingine.